Namba Niliyoiita Tasa

Andika moja. Kando yake andika moja nyingine, halafu nyingine, mpaka zifike kumi na saba, bila nafasi wala nukta. Hiyo ndiyo namba ninayotaka kuisimulia. Aliyeanza kupiga miayo namwomba avumilie kidogo, kwa sababu namba hii ndiyo iliyonivunjia nyumba. Au niseme kweli: nyumba niliivunja mwenyewe, namba ilikuwa karibu tu.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi hapa Kibondo. Nimefundisha darasa la tano na la sita zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka inafika wiki ya namba tasa. Naandika ubaoni kama ilivyo kitabuni: namba tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Sijui nani alilichagua neno hilo. Aliyekaa mezani akaamua kwamba namba isiyo na vigawo iitwe jina la mwanamke asiyezaa, nadhani yeye nyumbani kwake watoto walijaa tele. Kila mwaka yupo mwanafunzi nyuma anayecheka, na kila mwaka najifanya sikusikia.

Mke wangu aliniuliza juu ya neno hilo mwaka wetu wa nne wa ndoa. Yeye ni mtu wa Kasulu, aliishia darasa la saba, lakini kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha walimu wengine ninaowajua. Alikuwa anachambua maharage mezani, mimi naandaa somo upande wa pili. Akasoma kichwa cha somo kikiwa juu chini, akauliza kwa nini tunaziita tasa. Nikamweleza. Akaendelea kuchambua, kisha akauliza mmejuaje, mmezijaribu kwa ngapi?

Nikafurahi kama mwalimu, maana hilo ndilo swali lenyewe. Nikamwambia ni lazima uijaribu kwa namba tasa zote zilizo ndogo, moja baada ya nyingine, mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili, na kabla hujafika huna ruhusa ya kusema lolote. Akasema kumbe ni kazi. Baada ya muda akaniomba twende hospitali pamoja, tukapimwe wote wawili. Nikamjibu kwamba twende baada ya mitihani. Mitihani ilipopita aliniomba tena, nikasema baada ya mavuno. Mara ya tatu hakuomba.

Niliogopa, sina maneno mengine ya kulipamba jambo hilo. Mwanamume wa Kiha anaweza kukosa ng'ombe, anaweza kukosa shamba, watu wakamvumilia. Lakini aambiwe kwamba yeye ndiye hana uzazi, sikumjua hata mmoja aliyeambiwa hivyo akabaki anaitika salamu barabarani. Kwetu neno la kukosa uzazi lipo, ingumba, na kila nilipolisikia likitamkwa lilikuwa linamwelekea mwanamke.

Basi nikawa na namba zangu. Mchezo ulianzia darasani. Niliwauliza watoto ni ipi kati ya namba zinazoandikwa kwa moja tupu iliyo tasa. Kumi na moja ni tasa. Moja tatu, yaani mia moja kumi na moja, si tasa, ni tatu mara thelathini na saba. Moja nne inagawanyika kwa kumi na moja. Moja tano ni arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja. Ukiwa na subira utaona siri ya kwanza: kama idadi ya hizo moja yenyewe inagawanyika, namba nzima nayo inagawanyika, huna haja hata ya kujaribu. Kwa hiyo zinazostahili kusumbuliwa ni zile zenye idadi iliyo tasa. Ya moja saba niliivunja Jumamosi moja. Ya moja kumi na moja ilinisumbua msimu mzima wa mvua. Ya moja kumi na tatu ilivunjika kwa hamsini na tatu, nikacheka peke yangu. Halafu nikafika kumi na saba.

Miaka miwili nilikaa na hiyo. Kila siku baada ya vipindi nilikaa kibarazani na kaunta buku, nagawanya kwa mkono, kwa sababu kikokotoo changu hakikuwa na nafasi ya tarakimu zote hizo. Nilipita elfu kumi, nikapita elfu hamsini. Kila mara kulibaki baki. Mke wangu alikuwa akileta chai ya tangawizi na kuondoka bila kuuliza nimefika wapi, na mimi nilimshukuru kwa kutouliza. Sasa najua kwamba watu wawili wanaweza kuishi nyumba ya vyumba viwili na kila mmoja akawa peke yake kabisa.

Alikuwepo mwalimu mwenzangu, mtu wa Tanga, mcheshi, ambaye ndiye pekee aliyejua habari za namba ile. Kwa utani tulikuwa tukiiita bibi, kama mtu anayemtaja mkewe. Akinikuta ofisini atauliza, bibi hajambo? Namjibu bibi mkaidi. Utani wa walimu ni wa kipuuzi, lakini siku nzima ukiwa na chaki mdomoni unahitaji upuuzi kidogo.

Siku moja ya Jumapili alikuja kunitembelea. Mama yangu alikuwa amefika tangu juzi yake kutoka Kumsenga, yupo jikoni uani. Mama ni mtu wa Kiha. Kiswahili anakielewa kwa kudaka neno hapa na neno pale, kama mtu anayedaka kuku. Mke wangu alikuwa ibadani. Mwenzangu akauliza habari za bibi, na mimi nilikuwa nimechoka, nimemaliza kaunta buku ya tatu bila kitu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kweli:

"Huyu bibi nimehangaika naye miaka miwili. Nimemjaribu kila njia. Ni tasa, basi. Nimekubali."

Kwanza kabisa, ilikuwa kosa la hesabu. Kipeuo cha pili cha namba ile kinazidi milioni mia moja, na mimi nilikuwa nimefika elfu hamsini na kitu. Mwanafunzi wangu angeniandikia jibu la namna hiyo ningempa sifuri na kumwita mbele. Lakini hesabu haikuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo ya kuchemsha.

Aliweka sahani mezani, akarudi jikoni. Kesho yake alfajiri akasema anarudi nyumbani, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilidhani amepata habari ya msiba.

Baada ya siku tisa walikuja baba zangu wadogo wawili, na mama pamoja nao. Walikaa, wakanywa chai, wakauliza habari za shule. Kisha mkubwa wao akaanza kuzungumza kwa upole sana. Alisema wamenivumilia miaka sita bila kuniingilia kwa sababu mimi ni msomi, na hawakutaka ionekane wao ndio waliomchongea mke wa mtu. Lakini sasa mwenyewe nimetamka. Nimehangaika, nimejaribu kila njia, nimekubali. Mama alikuwa anatazama sakafu. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nilikuwa nazungumzia namba. Wangecheka, mama angeona haya, tungechinja kuku. Sentensi hiyo ilikuja mpaka kwenye meno. Lakini niliiona na sentensi iliyokuwa nyuma yake, ile ambayo baba mdogo angeiuliza baada ya kucheka: sawa, ni namba, haya tuambie basi, kati yenu ninyi wawili, ni nani? Na mke wangu, ambaye aliomba mara mbili twende tukapimwe, alikuwa jikoni akisikia kila kitu. Angejibu.

Nikanyamaza. Wakachukua kimya changu kuwa huzuni, wakanipigapiga begani.

Walipoondoka mke wangu alikuja akasimama mbele yangu. Hakuwa analia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Hilo neno ulilisema wewe?"

"Nililisema."

Lilikuwa jibu sahihi. Nililisema kweli, kwa mdomo wangu, siku ya Jumapili, mbele ya shahidi. Maisha yangu yote sijawahi kutoa jibu sahihi baya kuliko lile. Alitikisa kichwa mara moja, akaenda kukunja nguo zake. Wiki ile ile kaka yake alikuja kumchukua, wakarudi Kasulu.

Baada ya hapo watu walinipangia mke mwingine, kisha mwingine. Nilikataa wote, wakasema nampenda sana yule wa kwanza, wengine wakasema ni ubahili. Kumpenda nilimpenda. Lakini sababu ya kukataa ilikuwa nyingine: mke wa pili angekuwa jibu, na mimi sikutaka jibu. Nilijifunza kupika ugali wa mtu mmoja, ambao ni mgumu kuliko unavyodhani, daima unabaki. Likizo za Desemba zilikuwa mbaya zaidi. Walimu wote wanaondoka, mvua inanyesha wiki nzima, na unaweza kufika mwaka mpya hujasikia mtu akibisha hodi.

Kwa hiyo nikairudia namba. Safari hii sikuwa naifanyia utani, wala sikuiita bibi tena. Katika kitabu kimoja chakavu cha Kiingereza, nilichokikuta kwenye rundo la vitabu vya chuo cha ualimu vilivyokuwa vinatupwa, nilipata siri ya pili: kigawo chochote cha namba yangu, ukikigawa kwa thelathini na nne, lazima kibaki moja. Sheria hiyo iliondoa kazi kubwa sana. Sikuhitaji tena kujaribu kila namba tasa, bali hizo tu: mia moja na tatu, mia moja thelathini na saba, mia mbili thelathini na tisa, mia tatu na saba, na kuendelea. Namba moja kwa siku, baada ya vipindi, kabla jua halijazama. Kila siku nilikuwa na kitu kinachonisubiri nyumbani, na si watu wote wanaoweza kusema hivyo.

Nilifanya hivyo miaka minane. Katikati yake mama ndiye aliyeniletea habari. Alisema yule mke wangu ameolewa na fundi matofali huko Kasulu, na amejifungua mtoto wa kike. Baadaye akaja na habari ya wa pili, kisha wa tatu. Mama alisema ni maombi, kwamba kuna kanisa huko watu wanafunguliwa. Nilimwitikia. Sikuhitaji daktari wa kunifanyia hesabu hiyo, ni ya darasa la pili. Lakini kujua jambo na kulikubali ni vitu viwili, na mimi kila siku nilikuwa na namba ya kugawanya.

Mwaka juzi alihamia shuleni kwetu mwalimu mpya wa Hisabati, binti aliyetoka chuo, mpole, mwenye simu kubwa. Alikuja kuazima rula nyumbani kwangu akaziona zile kaunta buku zimepangwa. Akauliza, nikamweleza, nikiwa na fahari kidogo, maana sikuwahi kumweleza mtu tangu yule wa Tanga alipohama. Nilimwambia nimepita laki sita. Akaitoa simu, akaandika moja kumi na saba, akihesabu kwa midomo. Hata hajakaa vizuri kitini, jibu likawa limeshakuja.

"Mwalimu, hii si tasa. Ina vigawo viwili."

Akanisomea. Cha kwanza ni milioni mbili, elfu sabini na moja, mia saba ishirini na tatu. Cha pili kinazidi bilioni tano. Navyo vyote viwili ni tasa, kwa hiyo hakuna kingine ndani yake, ukiacha moja na yenyewe. Kwa mwendo wangu wa namba moja kwa siku ningekifikia cha kwanza baada ya miaka kumi na minane mingine, nikiwa nimeshastaafu. Nadhani binti aliniona uso umebadilika, kwa sababu aliomba radhi, kama mtu aliyevunja kikombe cha watu. Nikamwambia hana kosa, nikampa rula.

Alipotoka nilizidisha namba zile mbili kwa mkono wangu. Simwamini mtu mpaka nizidishe. Karatasi tatu, na mwisho wa karatasi ya tatu zikatoka moja, moja, moja, zote kumi na saba, hakuna hata moja iliyokosea njia. Nikalia. Sikulia kwa ajili ya namba. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeitangaza tasa bila kumaliza kuijaribu, na watu wakaamini, na haikuwa tasa hata siku moja.

Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda Kasulu, kwenye hospitali ambako hakuna anayenijua. Nilikaa foleni na akina mama wajawazito. Daktari kijana alisoma majibu, akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi nikiwa mkubwa mkubwa. Niliugua nikiwa na miaka kumi na minne, mashavu yalivimba nikakosa shule mwezi mzima. Akasema basi huenda ndiyo sababu, na kwamba mimi siwezi kupata mtoto, wala sikuwahi kuweza. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa heshima. Niliikunja karatasi yake mara nne nikaitia mfukoni.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja sokoni. Nilijua kwa habari za mama kwamba yule mke wangu anauza mawese na maharage upande wa nyuma. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu barabara yote kutoka Kibondo: nitamwambia ilikuwa namba, nitamwambia neno lile halikuwa lake, nitamwonyesha karatasi nitakayopewa na daktari. Kisha, kama akitaka, nitasimama mbele ya ndugu zake na mbele ya baba zangu wadogo na kuyarudia yote. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa.

Nilimkuta ameketi nyuma ya ndoo zake, amenenepa kidogo, amependeza. Aliniona akashtuka, halafu akanisalimia kwa adabu zote za kwetu, akipiga makofi taratibu. "Mwakeye." Nikaitika. Akanipa kigoda. Pembeni yake alikaa binti wa miaka kama saba anafunga maharage kwenye mifuko, na mama yake akamwambia amsalimie mwalimu. Akaniamkia. Kisha mama yake akamtuma achote maji.

Nikasema yote. Nilisema vibaya, si kama nilivyopanga. Nilianzia mwisho nikarudi mwanzo, nikaeleza habari ya bibi na mtu wa Tanga na sahani ya mihogo. Nikatoa karatasi. Hakuishika. Aliitazama ikiwa mkononi mwangu, akafuta mikono yake kwenye kitenge ingawa haikuwa na mafuta.

"Namba," alisema.

"Namba."

Nilisubiri anitukane, na nadhani ningefurahi. Badala yake alianza kunieleza, taratibu, habari za kanisa lake. Alisema siku aliporudi kwao kila mtu alishajua amerudishwa kwa sababu gani, na kwa miaka miwili hakuna mwanamke aliyempa mwanawe ambebe. Kisha akaenda kwenye maombi. Kisha akaolewa, akapata yule binti. Tangu hapo, kila mwaka siku ya shukrani, anasimama mbele akitoa ushuhuda, na kwaya inaimba nyimbo zile zilizotoka kwa Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na wanawake wasio na watoto wanakuja kutoka mbali, hata Buhigwe, kumshika mikono. Mume wake alimwoa kwa imani hiyo. Watoto wake wanaijua habari hiyo kuliko majina ya babu zao.

"Sasa wewe unaniambia sikuwa nimefungwa," alisema. "Pale mbele mimi nimekuwa nikisimama kushukuru nini?"

Nilitaka kusema ukweli ni ukweli. Ndivyo ninavyowaambia watoto kila siku. Lakini nilimtazama, na nikaona kwamba kwa mara ya pili nimemletea neno ambalo hakuliomba, ili mimi nipate nafuu.

"Rudisha karatasi yako mfukoni, mwalimu. Uliposema mimi ni tasa nililibeba peke yangu, na Mungu akanikuta nalo. Huo utasa niachie. Ni wangu."

Binti alirudi na maji. Nilikunywa, nikashukuru, nikaondoka kuwahi gari la Kibondo.

Majuzi mama alikuja kunisalimia. Amezeeka sana, haoni vizuri, lakini bado anazungumza akichambua mboga. Alisema yule mwenzio alikuwa tasa kweli, ila Mungu wa Kasulu alimwonea huruma. Wewe tu ndiye huruma haikukufikia, mwanangu. Nilimsogezea chai. Nilinyamaza kama nilivyonyamaza siku ile ya baba wadogo, kwenye kiti kile kile, na mtu angetupita nje asingeweza kuona tofauti. Safari hii nimeombwa.